Oksijeni, Saratani na Damu ya Mgonjwa

(Hotuba kwa familia za askari, wastaafu na walimu wa Kiswahili, Jinja)

Mwenyekiti, maafande, wazee wetu mliolitumikia taifa, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya saratani, nikaachiwa nichague pa kuanzia. Nimechagua oksijeni. Kazi yangu ni tiba ya mionzi, na siku hizi wagonjwa wengi wanakuja kwetu na swali lile lile. Baadhi wanakuja na chupa kabisa. Wameambiwa kwamba saratani haiwezi kuishi penye oksijeni. Wameambiwa kwamba mtu akiijaza damu yake oksijeni, uvimbe utanyauka wenyewe, na kwamba mzungu mmoja alipewa tuzo ya Nobel kwa kuligundua hilo, kisha madaktari wakalificha ili wauze dawa zao. Kuna mama aliyeuza mbuzi wote, kuna mzee aliyeuza kipande cha shamba, ili wanunue matone ya kutia kwenye maji au wakapigwe gesi ya ozoni. Wanapofika kwetu, uvimbe uliokuwa wa kutibika umeshatambaa hadi kwenye kibofu.

Maneno hayo si kweli. Lakini nikiwaambia tu kwamba si kweli na kwenda zangu, nitakuwa sijawasaidia, maana kesho atakuja mwingine na chupa ya rangi nyingine. Nyuma ya maneno hayo kuna sayansi ya kweli iliyopindishwa. Naomba tuinyooshe pamoja, kwa sababu ukiielewa utajua ni wapi hasa oksijeni inamsaidia mgonjwa wa saratani. Pako mahali pamoja kama hapo, tutafika.

Huyo mzungu alikuwa Mjerumani aitwaye Otto Warburg, akifanya kazi Berlin. Katika miaka ya 1920 alichukua vipande vya uvimbe akapima vinavyotumia sukari. Seli ya kawaida ikipata oksijeni huivunja sukari mpaka mwisho na kupata nguvu nyingi. Ikikosa oksijeni huichachusha tu, ikatoa asidi ya laktiki, kama inavyotokea kwenye misuli ya kuruta anayekimbizwa mlimani na mzigo mgongoni. Warburg akaona kwamba seli za saratani zinaichachusha sukari hata pale oksijeni ilipo tele.

Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndipo uongo unapokatikia. Seli zile zilikuwa ndani ya chombo chenye oksijeni, zikiwa hai, zikiendelea kula sukari kwa pupa. Kama oksijeni ingekuwa sumu ya saratani, Warburg asingekuwa na kitu cha kupima.

Na tuzo je? Alipewa mwaka 1931, kwa kazi yake juu ya kimeng'enya ambacho seli hukitumia kupumua. Hakupewa kwa kugundua chanzo cha saratani wala tiba yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1966, alisimama mjini Lindau mbele ya washindi wenzake wa Nobel akashikilia kwamba chanzo kikuu cha saratani ni seli kuacha kupumua na kuanza kuchachusha. Hapo alikosea. Seli nyingi za saratani bado zinapumua vizuri, na tunajua leo kwamba mzizi wa ugonjwa ni maandishi ya urithi ndani ya seli, yaani DNA, kuharibika mahali baada ya mahali mpaka seli ikakosa breki. Alichokipima kilibaki kuwa kweli, na kinatumika kila siku duniani: mgonjwa hudungwa sukari yenye alama ya mionzi, uvimbe ukaikimbilia, na mashine ya PET ikaonyesha ulipojificha. Mtu anaweza kupima sawasawa na bado akafasiri vibaya alichopima, hata akiwa na tuzo kubwa kuliko zote. Wanaouza chupa wamechukua tafsiri iliyokosewa, wakakiacha kipimo chenyewe.

Sasa kuna upande ambao wauzaji hawautaji kabisa, nao ni kwamba oksijeni yenyewe ni kitu kikali.

Mwaka 1954 mwanasayansi wa Argentina, mama Rebeca Gerschman, akifanya kazi na wenzake Rochester nchini Marekani, alitoa hoja iliyowashangaza wengi: kwamba oksijeni ikizidi humdhuru mnyama kwa njia ile ile ambayo mionzi ya eksirei humdhuru. Vyote viwili huzalisha radikali huru, yaani chembe zenye njaa ya elektroni, ambazo hunyakua elektroni kwa kila kilicho jirani. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wakagundua kwamba miili yetu ina kimeng'enya maalumu cha kuzizima chembe hizo. Mwili hauwezi kuwa na askari wa kupambana na adui asiyekuwepo. Basi kila saa tunayopumua, hapa tulipo, sehemu ndogo ya oksijeni inageuka kuwa chembe hizo, nazo zinaigonga DNA yetu. Nyingi huzimwa. Kinachoharibika kwa kawaida hukarabatiwa. Mara moja moja herufi moja husalia imekosewa, na seli ikigawanyika kosa hilo hurithiwa.

Wakunga waliopo hapa wanajua sehemu ya habari hii kwa vitendo. Katika miaka ya 1940 na 1950 watoto njiti huko Ulaya na Marekani waliwekewa oksijeni nyingi kwa nia njema, maelfu wakapofuka. Uchunguzi uliochapishwa Sweden mwaka 2002 ulihusisha oksijeni tupu aliyopewa mtoto mara tu baada ya kuzaliwa na hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya damu utotoni. Leo mtoto wa miezi kamili akizaliwa bila kupumua, mkunga huanza kumpulizia hewa ya kawaida, na oksijeni huongezwa pale inapohitajika.

Upo pia uchunguzi wa mwaka 2015 ninaoupenda kwa sababu unatugusa sisi watu wa nchi ya milima. Vijana wawili wa Marekani, Kamen Simeonov na Daniel Himmelstein, walilinganisha wilaya za magharibi ya nchi yao, za mabondeni na za milimani. Wakakuta kwamba kila mita 1,000 za mwinuko ziliambatana na upungufu wa wagonjwa wapya wa saratani ya mapafu wapatao 7 katika kila watu 100,000. Saratani ya matiti, ya tezi dume na ya utumbo mpana hazikufuata mwinuko hivyo. Ni yale mapafu, yanayokutana na hewa moja kwa moja. Wakapendekeza kwamba huenda oksijeni tunayoivuta ina mchango wake.

Tujiweke wenyewe kwenye ramani hiyo. Hewa ina oksijeni asilimia 21 kila mahali, Mombasa au kileleni Rwenzori. Kinachopungua ni mgandamizo. Uso wa ziwa letu hapa, Victoria, uko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo kila pumzi tunayovuta Jinja ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pumzi ya mtu wa Mombasa. Kabale, kwenye mita kama 2,000, upungufu unakaribia moja ya tano. Hata hivyo nawaomba msifunge virago. Uchunguzi ule ulilinganisha wilaya na wilaya, haukumfuata mtu mmoja mmoja, na mlimani kuna mengine yanayobadilika pamoja na hewa: jua, kazi, chakula. Mvuta sigara wa Kabale yuko hatarini kuliko asiyevuta wa Mombasa, na hilo halina mjadala. Nimeutaja kwa sababu unamnyima hoja anayesema oksijeni zaidi ni salama zaidi.

Basi mwenye akili ya biashara atasema, "Kama chembe za oksijeni ndizo mbaya, nunueni kwangu unga wa kuzizima." Unga huo nao uko sokoni, unaitwa antioksidanti. Umekwisha pimwa, na waliopimiwa ni watu. Finland walichukua wanaume 29,133 wanaovuta sigara, wakawapa vitamini E, beta-karotini (ile rangi ya karoti), vyote viwili au kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Marekani walifanya jaribio kama hilo kwa watu zaidi ya 18,000, wavuta sigara na waliofanya kazi kwenye asbesto, wakiwapa beta-karotini pamoja na vitamini A. Ilibidi walisimamishe kabla ya wakati, maana wagonjwa wa saratani ya mapafu walizidi kwa asilimia 28. Mwaka 2011 vitamini E ikaonekana kuongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 katika jaribio la wanaume zaidi ya 35,000. Panya nao wametusaidia kuona sababu moja: seli ya saratani pia inasumbuliwa na chembe zile, na ukiimwagia dawa ya kuzizima, umeipa nafuu yenyewe. Mboga zetu za dodo na nakati, papai na maembe, endeleeni kula bila hofu. Ninachokikataa ni kidonge na kopo.

Turudi ndani ya uvimbe, maana sasa tunakaribia kazi yangu.

Mwaka 1955 Waingereza wawili, Thomlinson na Gray, walikata vipande vyembamba vya saratani ya mapafu ya binadamu wakavitazama kwa hadubini. Waliona mpangilio unaojirudia. Karibu na mishipa ya damu seli ziko hai na zinagawanyika. Ukienda mbali kidogo, chini ya robo ya milimita, kuna maiti tupu za seli. Walipopiga hesabu wakakuta umbali huo ndio oksijeni inaoweza kusafiri kutoka kwenye mshipa kabla haijatumika yote. Uvimbe ni kama mtaa uliojengwa haraka bila bomba la maji: nyumba za kando ya barabara zinapata, za uchochoroni zinabaki na kiu. Katikati ya walio hai na waliokufa kuna safu ya seli zenye oksijeni kidogo mno, lakini hai. Hizo ndizo zinazotunyima usingizi.

Seli inayokosa oksijeni haikai kimya. Ndani yake kuna protini iitwayo HIF. Penye oksijeni ya kutosha, HIF hutengenezwa na kuvunjwa papo hapo, kwa sababu protini nyingine, VHL, huikamata na kuipeleka jalalani. Oksijeni ikipungua, HIF haikamatwi tena. Inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni nyingi kwa pamoja. Mishipa mipya iitwe, sukari iingizwe kwa wingi, seli ijiandae kuhama. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipewa Nobel mwaka 2019 kwa kueleza utaratibu huu. Kwa mtu mzima wa afya ni neema. Wanariadha wetu wanaofanya mazoezi Kapchorwa, akina Joshua Cheptegei, miili yao huongeza damu kwa njia hiyo hiyo. Ndani ya uvimbe neema hiyo inageuka silaha ya adui. Kuna familia zinazozaliwa na VHL yenye kasoro. HIF yao haivunjwi hata penye oksijeni, na wengi wao hupata saratani ya figo. Tangu 2021 Marekani imeruhusu dawa ya vidonge inayoiziba HIF mojawapo kwa wagonjwa hao. Sayansi hii imezaa dawa, kwa kupimwa hatua kwa hatua.

Kwetu Uganda kuna mfano wa karibu zaidi. Saratani ya Kaposi, yale mabaka meusi ya zambarau yanayoanzia mara nyingi miguuni, ilijulikana hapa kabla ya ukimwi kuja. Virusi vyake viligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Maabara zimeonyesha kwamba virusi hivyo, vilivyolala ndani ya seli, huamka vikikosa oksijeni. Na nyayo na miguu ni sehemu ambazo damu hufika kwa tabu kuliko nyingine. Wengi tunaona mambo haya mawili yanahusiana.

Kwa hiyo oksijeni ikizidi inaweza kuchangia kosa la kwanza katika DNA, na ikipungua ndani ya uvimbe inaufanya uwe mkaidi. Afande mmoja aliniuliza wakati wa chai, "Daktari, kama kukosa oksijeni ndiko kunakoutia uvimbe ukaidi, mbona msiupelekee?" Ni swali zuri, na liliulizwa zamani. London, katika miaka ya 1950, wagonjwa waliingizwa kwenye matangi ya oksijeni yenye mgandamizo mkubwa, wakapigwa mionzi wakiwa humo ndani. Katika baadhi ya saratani za kichwa na shingo, na za mlango wa kizazi, ilisaidia kiasi. Kazi ilikuwa ngumu, madhara yalikuwepo, na njia hiyo haikuenea. Denmark wanatumia dawa ya nimorazoli inayoiga kazi ya oksijeni kwa saratani za kichwa na shingo, siku ile ile ya mionzi. Katika yote hayo oksijeni ilikwenda pamoja na mionzi. Peke yake, bila mionzi, haikuua uvimbe.

Sababu ni hii. Mionzi inapopita mwilini huvunja DNA, kwa sehemu kubwa kupitia zile radikali huru za mama Gerschman. Mvunjiko mpya unaweza kurekebishwa mara moja. Oksijeni ikiwepo pale pale wakati ule, inajipachika kwenye jeraha na kulifanya la kudumu, seli isiweze kujitibu. Seli isiyo na oksijeni huhitaji dozi ya mionzi mara 2.5 hadi 3 ili ife sawa na yenye oksijeni. Hicho kitu kikali nilichowaambia kinaharibu DNA, sisi tunakigeuzia kwa adui.

Hapa sasa ndipo nilipokuwa nawaleta. Oksijeni inaufikiaje uvimbe? Inabebwa na damu. Naomba mama zangu mnisikilize zaidi katika sehemu hii, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda, na mionzi ni moja ya tiba zake kuu.

Mnakikumbuka kile kifaa cha kubana kidole. Juni 2021, wimbi la pili la korona lilipotupiga na mitungi ya oksijeni ikawa ya kugombaniwa, kila nyumba ilikijua. Kinaandika 97, kinaandika 98, watu wanashusha pumzi. Kifaa kile kinapima kitu kimoja tu: kati ya himoglobini uliyonayo, yaani ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, ni asilimia ngapi imeibeba. Hakikwambii una himoglobini kiasi gani. Mama mwenye himoglobini 12 na mama mwenye himoglobini 6, wote wanaweza kusoma 98 kidoleni. Yule wa pili amebeba nusu tu ya oksijeni ya mwenzake. Ukimvutisha oksijeni ya mtungi, himoglobini yake ilikuwa imeshajaa. Unachoongeza ni ile kidogo inayoyeyuka kwenye maji ya damu. Ukimpa matone ya kunywa, hujaongeza hata hiyo, kwa sababu tumbo si pafu.

Na damu za wanawake wetu zinapungua kwa njia nyingi. Malaria inavunja damu. Minyoo ya safura inainyonya. Uzazi wa karibu karibu unaimaliza akiba ya madini ya chuma. Wengine wana selimundu. Kisha uvimbe wenyewe wa mlango wa kizazi unavuja, mwezi baada ya mwezi, na mama anadhani ni hedhi imerudi uzeeni, anaona aibu kusema. Anapofika kwenye mashine ana himoglobini 7. Tunajua, kwa miaka mingi ya kumbukumbu za hospitali katika nchi nyingi, kwamba wanaoanza mionzi na damu ndogo wanafanya vibaya zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba uvimbe wao ni mkubwa tayari na ndio unaovuja. Sehemu nyingine ni hii ya oksijeni. Daktari hawezi kuzitenganisha akiwa mbele ya mgonjwa. Anachoweza ni kupima himoglobini, kuzuia uvujaji, kutibu malaria na minyoo, kumpa chuma, na inapobidi kumwongezea damu.

Hapa pia kuna mtego, nautaja kwa sababu najua mtu ataambiwa. Ipo sindano ya erithropoietini inayouamuru mwili utengeneze damu. Inaonekana njia rahisi. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo waliopewa sindano hiyo wakati wa mionzi: himoglobini ilipanda vizuri, na saratani ikawashinda zaidi kuliko wasiodungwa. Kupandisha namba kwenye karatasi hakukutosha. Msiinunue wenyewe.

Sigara inaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi inayoishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mgonjwa anayevuta nje ya chumba cha mionzi anaingia na himoglobini iliyokwisha kaliwa nafasi. Sigiri ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa hufanya vivyo hivyo. Mzee mwenye mke aliye kwenye tiba, toa sigiri nje, na sigara yako usiivute kitandani kwake.

Kuhusu zile chupa nilizoanza nazo, neno moja la hatari. Baadhi ni haidrojeni peroksaidi kali. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu wasinywe ile ya asilimia 35 inayouzwa kama tiba. Inaunguza koo na tumbo, na viputo vya gesi vinavyotokea vinaweza kuingia kwenye mishipa na kuziba damu ya ubongo. Ukiwa nayo nyumbani, usimpe mtu.

Nchi hii ina historia ya kutibu saratani ambayo tusiivunjie heshima kwa kukimbilia vichochoroni. Ni Mulago ambako Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 ile saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza hapo mwaka 1967, na watoto walipona kwa dawa wakati ambapo wengi duniani hawakuamini kwamba inawezekana. Tumepita pia magumu: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika, wagonjwa wakabaki njia panda, wengine wakapelekwa Kenya. Leo mashine zipo zaidi ya moja. Mionzi ya mlango wa kizazi huchukua majuma kadhaa mfululizo, na inatakiwa iishe yote ndani ya wiki 8. Kila wiki inayopotea kwa kusubiri matone yafanye kazi ni wiki uvimbe unayoitumia.

Mabinti wa miaka 10 wana chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, bila malipo tangu 2015. Wapelekeni. Kina mama, kile kipimo cha siki cha kuchunguza mlango wa kizazi ni cha dakika chache.

Ombi langu la mwisho ni kwa wote wenye afya humu ukumbini, hasa nyinyi vijana mliosimama. Damu tunayomwongezea yule mama haitengenezwi kiwandani. Inatoka kwenye mkono wa mtu. Uganda wachangiaji wakubwa ni wanafunzi, na shule zikifungwa, mafriji ya benki ya damu hukauka. Malaria ya watoto haifungi likizo, wala wanawake hawaachi kuvuja. Chupa moja ni kama mililita 450. Mwanaume anaweza kutoa tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Askari mna nidhamu ya tarehe. Wekeni mwezi wa Desemba na wa Mei kwenye ratiba zenu, shule zinapofungwa.

Na wewe unayempeleka mama, dada au mke kwenye mionzi, usiondoke kliniki kabla hujauliza himoglobini yake ya wiki hii ni ngapi. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Ikishuka wiki inayofuata, usingoje miadi, mwambie nesi siku hiyo hiyo.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Muuguzi wetu amekaa pale mlangoni na kipimo cha himoglobini. Anayetaka kupimwa apite sasa, na mwenye swali nipo hapa.